Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Cheti cha Afya katika Safari za Unguja

Mithali ya kale yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake haimpiti mtu aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili. Mgeni aingiapo, chungu hutelekwa, mkeka mpya hutandikwa, na hata mgonjwa aliyekuwa amelala hujikaza akaketi, akala kidogo kwa ajili ya kumkirimu mgeni, na kwa kula huko akapata nguvu. Hii ni mithali inayowafaa sana watu wa bandari, ambao riziki yao huja na watu wa mbali. Lakini watu wa bandari walijua na jambo la pili, ingawa hawakulifanyia mithali: mgeni huyo huyo aweza kuja na maradhi asiyoyajua hata yeye mwenyewe. Kati ya karamu na hofu hiyo kimezaliwa kitu kidogo cha karatasi, nacho ni cheti cha afya. Insha hii yataka kueleza habari za cheti hicho katika kisiwa cha Unguja na pwani ya jirani, na kuuliza swali moja: karatasi hiyo hupata wapi nguvu zake?

Tuanze Mtoni. Mahali hapa pako kaskazini ya Mji Mkongwe, katika njia iendayo Bububu, na hapo ndipo Seyyid Said bin Sultan alipojenga jumba lake karibu na bahari katika miaka ya mwanzo ya kukaa kwake Unguja. Siku hizi jumba lenyewe ni gofu. Mwaka 1844 alizaliwa humo binti yake Salme, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886. Miongoni mwa habari za huzuni alizozisimulia ni kifo cha mama yake, mwanamke wa Kicherkesi, aliyechukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Nyumba za wafalme zilikuwa na mabawabu na malango, na hapana mtu aliyeingia pasipo kuulizwa atokako. Maradhi peke yake hayakuulizwa.

Kipindupindu cha mwaka ule hakikuwa cha Unguja pekee. Richard Burton, aliporudi pwani kutoka safari yake ya Ziwa Tanganyika, alikwenda Kilwa mwanzoni mwa mwaka 1859 akayakuta maradhi hayo yakiwamaliza watu. Majahazi yalikuwa yakija kwa upepo wa kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, yakarudi kwa kusi. Na katika miezi ya katikati watu wa mataifa mengi walijazana mjini, wakanywa maji ya visima vilivyo karibu na vyoo. Biashara ilikuwa na daftari za forodha zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Pembe za ndovu na karafuu zilihesabiwa kipande kwa kipande na frasila kwa frasila. Afya ya mabaharia haikuwa na daftari.

Si kwamba ulimwengu ulikuwa haujui dawa ya namna hiyo. Mji wa Ragusa, ambao sasa waitwa Dubrovnik, uliamuru mwaka 1377 kwamba watu watokao katika nchi zenye tauni wakae mbali siku 30 kabla ya kuingia. Siku hizo zikaja kuwa 40, na kutokana na neno la Kitaliano la hesabu hiyo tumepata neno letu karantini. Waislamu wa pwani nao walikuwa na mafundisho yaliyotangulia hayo kwa karne nyingi, ya kuwa mtu asiingie katika nchi iliyoshukiwa na tauni, wala aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Baadaye mataifa ya Ulaya yalizoea kuzipa merikebu vyeti vya afya. Cheti kilikuwa safi, au chenye shaka, au kichafu, kwa kadiri ya hali ya bandari merikebu ilikotoka. Udhaifu wa mpango huo waonekana mara moja. Mtu wa kuandika cheti alikuwa ni yule yule mwenye kupata hasara kikiwa kichafu, maana bandari iliyokiri kuwa na maradhi ilikimbiwa na wafanya biashara. Hivyo cheti kilikuwa ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake.

Unguja ilipata somo la pili, tena kali zaidi, miaka kumi baada ya kifo cha mama yake Salme. Wakati huo palikuwa na daktari wa Kiskoti mjini, James Christie, naye alifuatia habari za maradhi kwa bidii, akawauliza wasafiri na wafanya biashara, kisha akatoa kitabu mwaka 1876. Katika utafiti wake alionyesha kwamba kipindupindu kilichoingia Unguja mwishoni mwa mwaka 1869 hakikuja kwa njia iliyotazamiwa. Watu walikuwa wakitazama kaskazi na bahari. Maradhi yakapita nchi kavu kutoka Uhabeshi, yakashuka katika nchi ya Wamasai, yakafika Pangani, na kutoka Pangani yakavuka mlango wa bahari ulio mwembamba hata Unguja. Maelfu walikufa mjini na mashamba. Kisha yakasafiri tena na vyombo mpaka Kilwa na Ngazija, na pamoja na misafara mpaka bara ya mbali. Laiti pangalikuwa na afisa wa kutazama vyeti vya majahazi yote ya Arabuni mwaka ule, angalivikuta vyeti safi, na maradhi yangalipita nyuma yake.

Katika miaka hiyo hiyo mataifa yalianza kukutana ili yaelewane. Mkutano wa kwanza ulifanywa Paris mwaka 1851. Mwaka 1865 kipindupindu kiliwaangukia mahujaji wa Makka, kikasambaa kwa njia ya Misri, na mwaka uliofuata wajumbe walikutana Istanbul kushauriana juu ya jambo hilo. Matokeo mojawapo yalikuwa kituo cha karantini katika kisiwa cha Kamaran, katika Bahari ya Shamu, ambako mahujaji waliotoka upande wa kusini walishushwa, wakakaguliwa na kuwekwa kabla ya kuendelea Jidda. Tauni ilipozuka Bombay mwaka 1896, hofu ilizidi, kwa kuwa vyombo kati ya Bombay na Unguja vilikuwa havikatiki.

Mtu asimamaye pwani ya Mtoni akaelekea magharibi hukiona kisiwa cha Changuu. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, aliyekuwa Waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, aliazimia kujenga jela huko. Lakini jengo halikutumiwa kwa wafungwa, likageuzwa kuwa mahali pa karantini. Abiria waliotiliwa shaka walishushwa huko, wakakaa siku zao wakiuona mji mbele yao, na minara, na moshi wa jioni. Watu wa siku hizi huenda Changuu kutazama makobe makubwa na kupiga picha, na wengi hudhani walikaa huko wezi na wauaji. Waliokaa huko hawakuwa na kosa isipokuwa kutoka mahali fulani katika wakati fulani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni zilizotaja maradhi sita: tauni, kipindupindu, ndui, homa ya manjano, na homa mbili ziletwazo na chawa. Hapo cheti kilizidi kumfuata mtu mmoja mmoja badala ya chombo chake. Msafiri alichukua kijitabu chake, chenye jina lake, tarehe ya chanjo, sahihi ya mganga na muhuri. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yaonekanavyo. Cheti cha merikebu kilisema habari za bandari, yaani kilikisia. Cheti cha chanjo kilisema jambo lililofanywa hasa katika mkono wa mtu.

Na tazama jinsi vyeti hivyo vilivyoishia. Cheti cha kipindupindu kiliondolewa katika kanuni mwaka 1973, kwa sababu chanjo ya zamani ilionekana haizuii maradhi kuvuka mipaka. Karatasi ilikuwa na muhuri lakini nyuma yake hapakuwa na kinga. Na kweli, mwaka 1978 kipindupindu kilizuka tena Unguja katika kijiji cha wavuvi. Cheti cha ndui kiliondoka kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa njia ya kawaida alionekana Merka, katika pwani ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa ya kuwa ndui imekwisha. Cheti kimoja kilikufa kwa uwongo wake, na kingine kwa kutimiza kazi yake. Cha homa ya manjano kimebaki mpaka leo. Zamani kilidumu miaka 10, na tangu Julai 2016 chamfaa mtu maisha yake yote.

Sasa tuje katika mambo ambayo wasomaji wengi wameyaona kwa macho. Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19, maradhi ambayo watu wengi waliyaita korona. Baada ya mwisho wa Aprili hesabu za wagonjwa wa Bara zikaacha kutangazwa. Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, ikaacha mizigo ipite. Hapo tukaona tena ugonjwa wa kale wa cheti. Madereva wa malori walipimwa upande mmoja wakaambiwa wanayo maradhi, wakapimwa upande wa pili wakaambiwa hawanayo. Malori yakasimama foleni ndefu, vyakula vikaoza, na wanaume wakalala chini ya magurudumu. Jirani asiyepewa hesabu hukisia, na mara nyingi hukisia vibaya. Mawaziri walikutana kabla ya Mei kwisha wakatafuta suluhu. Lakini ilikwisha dhihirika ya kuwa vipimo havina thamani palipokosekana kuaminiana.

Mambo yalipolegea, watu wakaanza tena kutembeleana. Tuchukue mfano wa jamaa moja ya Mtoni, ya kubuni, lakini mahitaji yake ni yale yaliyowapata wengi mwishoni mwa mwaka 2021. Baba, mama, bibi na watoto watatu wataka kwenda Mombasa kwa likizo, wamwone shangazi aliyeolewa Kibokoni. Watavuka kwa boti hata Dar es Salaam, wachukue gari la ami yao, wapite Tanga, wavuke mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Wazee wao walikwenda Mombasa kwa jahazi na barua ya salamu. Hawa wametandaza karatasi zao juu ya jamvi usiku kucha. Hati ya kusafiria ya kila mmoja. Kijitabu cha homa ya manjano, kwa ajili ya kurudi; na mtoto aliyechanjwa leo cheti chake hakina nguvu mpaka siku 10 zipite. Kadi ya gari, na barua ya ami kwamba amewaruhusu kulichukua. Kisha kipimo cha korona, ambacho umri wake ni saa 72 au 96, kwa kadiri ya amri ya nchi na ya wakati. Na saa hizo zaanza kuhesabiwa tangu pamba ilipotiwa puani, si tangu majibu yalipotoka. Boti ikikawia, au ofisi ikifungwa kwa sikukuu, cheti chafa njiani. Bibi auliza kwa utulivu kama shangazi naye amepimwa, maana ndiye atakayewakumbatia.

Katika karatasi hizo zimo kadi mbili ziitwazo kwa jina moja la kadi ya njano. Moja ni ya mwili, ile ya homa. Ya pili ni ya gari, nayo ni bima ya COMESA inayotumika kuvukia mipaka. Mtoto wa pili, mwenye kupenda kudadisi, azichanganya, na baba amcheka. Lakini kosa la mtoto lina hekima. Bima ile kwanza ni kwa ajili ya mwenyeji: gari la mgeni likimgonga mtu wa Likoni au Ukunda, yule aliyegongwa asipoteze haki yake kwa kuwa mgeni amekwenda zake. Cheti cha afya nacho, hata kikimlinda mchukuzi wake, hutakiwa mpakani kwa ajili ya yule atakayempokea. Vyote viwili ni dhamana ambayo mgeni humwekea mwenyeji kabla ya kubisha hodi.

Hapa ndipo swali letu la mwanzo lipatapo jibu. Cheti hakipati nguvu kwa muhuri, wala kwa ukali wa afisa mpakani, wala kwa wingi wa saa zilizoandikwa. Merikebu za zamani zilikuwa na mihuri mizuri. Hupata nguvu kwa mambo mawili: kwanza, kazi ya kweli iliyofanywa nyuma ya karatasi, kama chanjo ya ndui; pili, nchi itoayo cheti iwe tayari kusema habari za maradhi yake hata kama ukweli huo utaleta hasara sokoni. Palipo na hayo mawili, kipande kidogo cha karatasi chatosha. Yasipokuwapo, hata karatasi mia hazitoshi, na maradhi yatapita Pangani huku watu wanatazama kaskazi.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa hali ya dharura ya korona imekwisha, na watu wengi wakavitupa vyeti vyao vya kipimo. Si vibaya. Lakini yafaa tuhifadhi kimoja au viwili katika nyaraka zetu, karibu na daftari za karafuu, ili mwanafunzi wa miaka ijayo ajue jinsi tulivyoihesabu saa kabla ya kwenda kumsalimu shangazi. Hapo ataelewa ya kuwa mithali yetu haikubatilika. Iliongezewa sharti moja tu, kwamba mgeni naye ayajali mapema maisha ya mwenyeji anayemwendea.