Bafu dogo la nyumba ya zamani: Tibu unyevu kabla ya kununua vigae

UKARABATI wa bafu katika nyumba ya zamani ya saruji huanzia, kwa wengi, kwenye duka la vigae. Kwa mwenye nyumba wa Zinga, wilayani Bagamoyo, hapo ndipo hasara inapoanzia. Adui wa bafu lake ni maji yanayopenya asiyaone na chumvi iliyojificha ukutani. Vigae vipya huvifunika viwili hivyo, lakini haviviondoi.

Zinga iko kandokando ya Bahari ya Hindi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na mchanga wa ufukweni, ukitumika kujengea bila kuoshwa, huiingiza chumvi hiyo ndani ya zege. Ikikutana na unyevu, huzifikia nondo na kuziletea kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege hupasuka kutoka ndani. Dalili zake ni unga mweupe ukutani, rangi inayovimba, michirizi ya kahawia na vipande vya zege vinavyodondoka kutoka juu.

Uchunguzi ni wa bure. Jioni, mabomba yote yafungwe na dira ya maji isomwe. Isomwe tena asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia maji. Ikiwa namba zimesogea, kuna bomba linalovuja, na litengenezwe kwanza.

Kubomoa vigae, kupiga lipu, kusakafia na kubandika vigae ni kazi ambazo mwenye nyumba makini anaweza kuzifanya mwenyewe. Nyaya za umeme, hita ya maji na nondo zilizoliwa na kutu aachiwe fundi mwenye sifa. Kabla ya kushika tindo na nyundo, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, macho na mikono vikingwe. Nguzo na boriti zisichimbwe kupitisha mabomba.

Lipu iliyooza iondolewe mpaka tofali lionekane. Unga wa chumvi usuguliwe kwa brashi kavu, kwa kuwa maji huuyeyusha na kuurudisha ukutani. Ukuta uachwe ukauke vyema. Lipu mpya ichanganywe kwa mchanga safi wa mtoni na maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha chumvi hurudisha tatizo lile lile.

Sakafu iteremke kuelekea tundu la kutolea maji, takriban sentimita 2 kwa kila mita. Katika bafu la mita 1.5 kwa 2, kona iliyo mbali kabisa na tundu lililo konani iko umbali wa mita 2.5, hivyo iinuliwe sentimita 5. Sakafu imwagiliwe maji kwa siku 7 ili saruji ishike, kisha iachwe ikauke na kupakwa dawa ya kuzuia maji, ikipandishwa pia ukutani, hasa panapoogewa. Baada ya dawa kukauka, tundu lizibwe na maji yaachwe sakafuni kwa saa 24. Yakipungua bila maelezo au ukuta wa chumba cha pili ukilowa, kazi irudiwe.

Sasa ndipo vigae vinunuliwe. Bafu hilo lina mita za mraba 3 za sakafu. Kuta, hadi kimo cha mita 2 na baada ya kutoa mlango wa sentimita 70, ni mita za mraba 12.6. Jumla ni 15.6, ikiongezwa asilimia 10 ya vitakavyokatwa na kuvunjika, mahitaji ni takriban mita za mraba 17.2.

Mwisho, dirisha la bafu lisizibwe, kwani upepo ndio unaokausha ukuta kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na katika nyumba ya pwani, ufa wenyewe huzibwa baada ya chumvi na maji kuondolewa.