Husnudhani, Si Dhana

Rasimu ya orodha ya istilahi za sheria iliyonifikia hivi karibuni bado imeng'ang'ania "dhana ya kutokuwa na hatia". Msomaji hahitaji kuelezwa kanuni yenyewe: mshtakiwa hana la kuthibitisha, mzigo ni wa upande wa mashtaka, na mpaka utuliwe mbele ya hakimu, aliye kizimbani ni raia kama wewe na mimi. Kinachohitaji maelezo ni vipi watu wazima, wenye shahada zao, waliketi mezani wakalipitisha jina hilo.

Tuanze na kosa lililo wazi. Katika Kiswahili cha darasani, dhana ni wazo la jumla: dhana ya fasihi, dhana ya maendeleo. Mwanafunzi wa sheria akiambiwa aeleze dhana ya kutokuwa na hatia, ataeleza maana ya kutokuwa na hatia, na hatakuwa amekosea swali. Kitenzi chake ni kibaya zaidi. Mara nyingi Mswahili husema "nilidhani" pale alipokwisha kugundua vingine. Nilidhani umelala. Nilidhani ni chumvi, kumbe sukari. Sasa mwambie mtu aliye rumande kwamba "anadhaniwa hana hatia", uone kama hataisikia "kumbe" ikimfuata nyuma.

Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, dhanna, lenye dha ileile iliyotupa dhahiri, dhuluma na adhuhuri. Huko kwao lina upana wa kutisha: huanzia karibu na yakini likaishia kwenye shuku mbaya, na Surat al-Hujurat, aya ya 12, inaonya kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Kwa sababu hiyo wenye lugha walilipasua mapema. Upande mmoja suudhani, upande wa pili husnudhani. Hiyo husnu ni jamaa wa Hasani, wa Husna, wa ihsani, na hata wa "kwa hisani ya" tunayoisoma chini ya picha magazetini. Watu wa Pwani hawakungoja kamati ili walitumie. Jirani akiazima sufuria akakawia nayo, utaambiwa uwe na husnudhani naye: hujamwona akiiuza, basi huna ruhusa ya kumwita mwizi. Mabwana wa Bunge la Uingereza walipoamua rufaa ya Woolmington mwaka 1935 na kusema kwamba ni juu ya mashtaka kuthibitisha kosa, walisema jambo hilohilo kwa joho refu zaidi.

Nililipeleka neno husnudhani kwa waandaaji wa orodha, ambao sitawataja, kwa barua yenye heshima zote. Nilijibiwa kwa mdomo, koridoni, kwamba "lina harufu ya madrasa". Sijui hatia, hukumu, sheria, dhamana, wakili na hakimu wao waliziokota wapi. Labda zilikwisha kupulizwa marashi. Mtaalamu mwingine, anayependekeza "makisio ya kutokuwa na hatia" (makisio, kama ya bajeti!), alipinga kwa hoja nzito kidogo: husnudhani ni hali ya moyo, na sheria haiulizi moyo wa hakimu, inamwamuru tu nani athibitishe. Sawa. Lakini sheria zetu zimejaa "nia njema", nayo hukaa moyoni vilevile, na sijamsikia mtu akidai ifutwe.

Nikiri kwamba Katiba ya Tanzania ilikwepa mtego huu kwa ustadi kuliko sisi sote. Ibara ya 13(6)(b) haina nomino wala dhana. Inapiga marufuku kumtendea aliyeshtakiwa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika. Kutendewa! Neno hilo linamgusa askari anayemsukuma mtu mbele ya kamera, na mhariri anayeandika "jambazi akamatwa" wakati hata hati ya mashtaka haijasomwa. Laiti waandaaji wa orodha wangeisoma ibara hiyo kabla ya kuketi. Kenya nayo imeiweka haki hii kwenye ibara ya 50(2)(a) ya Katiba ya 2010, na ibara ya 49 ikafungua mlango wa dhamana kwa kila kosa, isipokuwa pakiwa na sababu nzito. Kwetu Tanzania, mshtakiwa wa mauaji au wa utakatishaji fedha husubiri ndani, awe na husnudhani au asiwe nayo. Hilo ni la wabunge, si la istilahi.

Kwa matumizi: mshtakiwa ana haki ya husnudhani, mashtaka huivunja kwa ushahidi, mahakama ndiyo hutamka kuwa imevunjika. Ngeli ni I-ZI, na wingi hauhitajiki.