Kuku aliyezaliwa na kinga

Msikilizaji, abiria anayetua katika uwanja wa ndege wa Pearson, jirani na jiji la Toronto, hukanyaga ardhi ya Malton. Hadi mwaka 1937, yaliponunuliwa ili kujenga uwanja huo, hapa palikuwa na mashamba. Mwendo wa saa moja hivi kwa gari kuelekea magharibi upo mji wa Guelph. Huko ndiko alikozaliwa, mwaka 1897, Frederick Hutt, mmoja wa waliouliza swali ambalo wafugaji wetu bado wanalihitaji: kwa nini kifaranga huyu afe na mwenzake apone?

Adui wa nyakati hizo alikuwa kuhara kweupe, ugonjwa unaoletwa na bakteria wa jamii ya salmonela. Mtetea anayeonekana mzima humrithisha kifaranga ugonjwa huo ndani ya yai, na kifaranga mmoja huwaambukiza wenzake katika mashine ya kutotolea. Mfugaji aliamka akakuta mamia wamekufa.

Katika miaka ya 1920, Elmer Roberts na Leslie Card wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwaambukiza vifaranga kwa makusudi, kisha wakawafanya walionusurika kuwa wazazi. Kila kizazi kilistahimili zaidi. Huko Iowa, W. V. Lambert alifanya hivyo kwa homa ya matumbo ya kuku, na katika vizazi vitano vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 90 hadi chini ya 10. Hutt, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, alitafuta sababu. Alibaini kwamba vifaranga wa Leghorn, ambao huhimili kuhara kweupe kuliko kuku wazito, huwahi kupata joto kamili la mwili katika siku za kwanza za maisha.

Hata hivyo, njia hiyo iliwekwa kando. Kupima tone la damu na kumwondoa mzazi mwenye ugonjwa kulikuwa rahisi zaidi, na Marekani ilianzisha mpango wa kitaifa wa aina hiyo mwaka 1935. Tena palikuwa na hofu ya haki: kuku sugu aweza kubeba vimelea bila kuugua, akawaambukiza wengine. Baadaye zikaja dawa za antibiotiki, na wengi wakaridhika.

Dawa hizo sasa zinazidi kushindwa. Mwaka 2014 wafugaji wa kuku wa nyama nchini Kanada waliacha kutumia, kwa ajili ya kinga, zile zilizo muhimu zaidi kwa binadamu, na mwishoni mwa 2018 wakaacha kundi lililofuata. Tayari katika miaka ya 1990 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikuwa wamehusisha jeni inayoitwa NRAMP1 na ustahimilivu wa kuku dhidi ya salmonela.

Kwetu Afrika Mashariki hoja ni nzito zaidi, kwa kuwa hakuna anayekwenda kijijini kupima damu ya kila mtetea. Husemwa kwamba kuku wa kienyeji haugui. Si kweli, homa ya matumbo humuua pia. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliwaambukiza kuku wa kienyeji na wa kisasa ili kuwalinganisha. Wameangalia pia aina zetu wenyewe, kama Kuchi mrefu wa pwani na Ching'wekwe mwenye miguu mifupi. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza tu ya kazi ya Lambert. Vile vizazi vitano vya kuchagua wazazi huhitaji mabanda, fedha na miaka.