Mafuta ya Familia Majuu: Jinsi ya Kujua Mnamiliki Kiasi Gani na Kisima Kinatoa Mapipa Mangapi

Tuseme umeolewa Texas, baba mkwe ameaga, na kabla matanga yaishe vizuri barua inaingia: kampuni fulani inataka kununua "haki za madini" za familia kwa dola 5,000. Ndani kuna karatasi inayofanana na cheki, na kazi yako ni kusaini tu.

Tulia kwanza. Hizo 5,000 zinaweza kuwa bei nzuri, ama zinaweza kuwa mapato ya miezi miwili tu ya kitu ambacho kingewalipa kwa miaka. Habari njema ni kwamba karibu kila unachohitaji kujua kiko kwenye rekodi za umma, na mtu yeyote mwenye simu na subira anaweza kuzicheki.

Kwanza elewa: juu ni kwingine, chini ni kwingine

Hapa Kenya mambo ni rahisi. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inahesabu madini na mafuta yote kuwa ardhi ya umma. Ndiyo maana mafuta yalipopatikana kwenye kisima cha Ngamia 1, Turkana, mwaka wa 2012, hakuna mfugaji aliyeamka sonko ati kwa sababu malisho yake yako juu yake. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti 20% ya mgao wa serikali na jamii ya eneo 5%. Hakuna boma linalolipwa kama mwenye mafuta.

Marekani ni tofauti kabisa. Kule mtu binafsi anaweza kumiliki mafuta yaliyo chini ya ardhi, na anaweza kukuuzia shamba huku akibakisha yaliyo chini. Kwa hivyo kuna watu wawili: mwenye juu na mwenye chini. Mkenya aliyenunua nyumba Fort Worth anaweza kuwa amekaa juu ya gesi ya Barnett, lakini kama haki za chini zilitenganishwa zamani, hapati hata senti. Na kinyume chake, familia iliyouza shamba lote miaka ya 1950 inaweza kuwa bado ina mafuta bila kujua.

Hatua za kuthibitisha umiliki

1. Pekua karatasi za marehemu. Tafuta vipande vya cheki za kampuni za mafuta, mikataba ya zamani ya kukodisha, bili za kodi na wosia. Unachotaka zaidi ni maelezo rasmi ya kipande chenyewe. Anwani ya barabara haitakusaidia. Texas hutumia jina la upimaji wa zamani na namba ya muhtasari wake. Oklahoma na North Dakota hutumia miraba iliyopigwa kwenye ramani, kila mraba ukiwa takriban ekari 640.

2. Nenda kwa karani wa kaunti. Marekani haina rejista moja ya kitaifa ya nani ana mafuta wapi. Hati ziko katika kaunti ambako ardhi iko, si ambako marehemu aliishi. Texas pekee ina kaunti 254, kwa hivyo ukikosea kaunti umepoteza siku. Kaunti nyingi zimeweka faharasa mtandaoni, moja ya waliouza na nyingine ya walionunua. Tafuta jina la babu kwenye zote mbili: alipataje hicho kipande, na baadaye alimuuzia nani nini?

3. Soma kila hati hadi mwisho. Siri iko kwenye sentensi moja ndogo, mara nyingi chini kabisa, inayosema muuzaji anabakisha nusu, robo ama madini yote. Ukiiruka hiyo sentensi, hesabu yako yote ni hewa.

4. Fuata mirathi. Mlolongo mara nyingi hukatika hapa. Kama babu aliaga na hakuna aliyepeleka mirathi kortini, rekodi bado zinamtaja yeye, na kampuni haiwezi kuwalipa kwa sababu haijui nyinyi ni nani. Texas inaruhusu hati ya kiapo inayotaja warithi. Wosia uliopitishwa jimbo lingine ama nchi nyingine unaweza kuhitaji kusajiliwa kule kwenye mafuta. Hapo wakili wa jimbo hilo si anasa.

5. Cheki orodha ya kodi. Texas, kisima kikianza kutoa, haki ya mafuta hutozwa kodi ya mali kama nyumba. Ofisi ya kaunti inayothamini mali ina orodha unayoweza kutafuta kwa jina. Kumbuka lakini: jina kwenye orodha ya kodi ni dalili, si ushahidi wa umiliki. Ushahidi ni zile hati za karani.

Kama mafuta yako North Dakota, usilale. Sheria ya jimbo hilo inasema haki ya madini isiyotumika kwa miaka 20 inaweza kuchukuliwa na mwenye ardhi ya juu akifuata utaratibu. Mwenye haki hujilinda kwa kusajili taarifa ya madai katika kaunti kabla muda haujaisha.

Piga hesabu: yako ni ngapi?

Tuseme babu alinunua ekari 160, lakini aliyemuuzia alibakisha nusu ya madini. Babu ana ekari 80 za chini. Watoto wanne wakagawana sawa: ekari 20 kila mmoja. Kisima kimechimbwa kwenye bloku ya ekari 640, na mkataba unatoa mrabaha wa 3/16, yaani 0.1875.

20 ÷ 640 × 0.1875 = 0.005859375

Hiyo desimali ndiyo kila kitu. Kisima kikitoa mapipa 9,000 kwa mwezi na pipa liwe dola 70, mauzo ni dola 630,000. Mgao wa mtoto mmoja ni karibu dola 3,691 kabla ya kodi na makato. Ona sasa ile ofa ya 5,000.

Kabla ya kuanza kulipa, kampuni hutuma hati inayoitwa "Division Order" ikionyesha desimali yako. Linganisha na hesabu yako kabla ya kusaini. Zikitofautiana, uliza kwa maandishi wameipataje.

Jinsi ya kufuatilia kisima

Kila kisima Marekani kina namba yake, inayoitwa namba ya API. Tarakimu mbili za kwanza ni jimbo: 42 ni Texas, 35 ni Oklahoma, 33 ni North Dakota. Ukiwa na hiyo namba, ama jina la kisima na la kampuni inayokiendesha, uko fiti.

Texas, ofisi inayosimamia mafuta inaitwa Railroad Commission. Usichanganyikiwe na jina. Iliundwa 1891 kusimamia reli, lakini siku hizi haina kazi na treni. Tovuti yake ina ramani ya visima na rekodi za uzalishaji za kila mwezi kuanzia 1993, bure. Oklahoma tafuta Oklahoma Corporation Commission. North Dakota ni idara ya madini ya jimbo.

Kuna mambo matatu huwachanganya wasee:

- Texas huripoti mafuta kwa mkataba mzima, si kwa kisima kimoja. Mkataba ukiwa na visima vitano, unaona jumla yao. Gesi ndiyo huripotiwa kisima kwa kisima.

- Mapipa yaliyotolewa mwezi huu si lazima yauzwe mwezi huu, mengine hukaa kwenye tangi. Linganisha miezi kadhaa, usipige kelele kwa sababu ya mwezi mmoja.

- Visima vya kisasa vinavyochimbwa kwa kulala hushuka haraka. Mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu mwaka wa kwanza. Usichukue loni ya gari kwa kutegemea cheki ya kwanza, na pia usidhani kila cheki inayopungua ni wizi.

Mbona kisima kinatoa na doh haiji?

Texas, kampuni ina hadi siku 120 baada ya mwisho wa mwezi wa mauzo ya kwanza kuanza kulipa. Pia inaweza kushikilia pesa hadi zifike dola 100, mradi ilipe angalau mara moja kwa mwaka. Kama umiliki una utata, pesa huwekwa kando hadi karatasi zinyooke.

Zikikaa sana bila mwenyewe kupatikana, hupelekwa kwa jimbo kama mali isiyodaiwa. Tafuta jina la marehemu kwenye tovuti ya jimbo ya mali hizo. Kutafuta ni bure, na kudai ni bure. Anayekuitisha ada ndipo akupe "siri" hiyo, mwambie ashike njia.

Makato nayo: Texas hutoza 4.6% ya thamani ya mafuta na 7.5% ya gesi. Na kama wewe uko Nairobi na si raia wala mkaazi wa Marekani, kawaida 30% ya mrabaha hukatwa na serikali ya shirikisho kabla haijakufikia.

Kabla ya kusaini chochote

Soma kichwa cha karatasi. "Lease" ni kukodisha: mafuta yanabaki yenu. "Mineral Deed" ni kuuza, na ukishauza hakuna kurudi, hata wakichimba kesho yake. Zipo barua ambazo maneno yake yanasikika kama kukodisha ilhali hati ya ndani ni ya kuuza. Na ukitia ile karatasi ya mfano wa cheki benki, unaweza kuwa umekubali masharti yote.

Cheki pia kama kuna vibali vipya vya kuchimba karibu na kipande chenu. Ramani ya jimbo huvionyesha. Ofa zikianza kumiminika ghafla, mara nyingi mnunuzi ameona kibali ambacho nyinyi hamjaona.

Na ile barua pepe inayosema umerithi kisima Texas kutoka kwa mtu usiyemjua, tuma tu ada ya usajili? Iombe namba ya API na jina la kaunti. Kisima cha kweli kina vyote viwili, na utavicheki mwenyewe bila kutuma hata shilingi.