Chuo Chenye Mlango Wazi
Ewe msomaji, utakapochagua chuo, usiulize sifa yake tu, bali uliza pia kama mlango wake u wazi. Katika mwaka wa 1922, A. Lawrence Lowell, mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alitaka Wayahudi wasizidi asilimia 15 ya wanafunzi. Zama hizo vijana wengi wa Kiyahudi, hasa watoto wa wahamiaji maskini, walisoma katika chuo cha City College mjini New York, kilichofundisha bila ada. Huko ndiko Jonas Salk alikohitimu mwaka wa 1934. Katika mwaka wa 1955 chanjo yake ya polio, maradhi yaliyopooza watoto wa kila taifa, ilitangazwa kuwa salama. Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.