Utupu wa Serengeti una tarehe yake

Waandishi wa habari wa rika langu wengi wameshafika China. Wanaalikwa kwa mafunzo ya wiki mbili tatu, wanarudi na picha ileile: mtu amevaa koti zito, nyuma yake Ukuta Mkuu unapanda na kushuka vilima mpaka unaishia kwenye ukungu. Siwaonei wivu kwa koti. Ninachowaonea wivu ni hadithi wanazokuja nazo. Wanakwambia kipande hiki kilijengwa wakati wa ukoo wa Ming, kipande cha Badaling kilifunguliwa kwa watalii mwaka 1957, mlinzi alisimama pale, moshi wa kutoa taarifa uliwashwa kule. Wamekaa siku mbili, wanajua ukuta wa watu kuliko tunavyojua vilima vya kwetu.

Mimi ni mtu wa Tarime. Mkoani Mara ukisema unakwenda "kutalii" watu wanakuelewa jambo moja tu: unakwenda kuona wanyama. Simba, tembo, nyumbu wakivuka mto. Hakuna atakayekuuliza unakwenda kuona historia gani, maana tumekubali wote, wenyeji na wageni, kwamba Serengeti ni mahali palipokuwepo kabla ya historia. Pori la tangu Adamu. Hilo ndilo nililotaka kuliangalia kwa macho yangu, kwa hiyo mwaka jana nilichukua likizo ya siku tisa, nikaishia wilaya mbili tu: Serengeti na Tarime.

Robanda ni kijiji cha Waikoma, kipo karibu kabisa na geti la Ikoma la hifadhi. Kutoka Mugumu unapanda bodaboda, vumbi lote la dunia linahamia kwenye nguo zako, na kabla hujafika utakutana na pundamilia wanakula kando ya mashamba kama mbuzi wa mtu. Robanda ni moja ya vijiji vitano vilivyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, jina lililotokana na Ikoma na Nata. Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mzee mmoja ambaye nilimwamkia, akaitika, akauliza mimi ni wa nani. Niliposema ni Mkurya alicheka sana. "Mura, umekuja kuiba ng'ombe? Hapa wamebaki wachache." Utani wa Mara ndio huo, na ukishataniwa ujue umekaribishwa.

Nilimuuliza habari za ngome. Fort Ikoma ni boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wanajaribu kuwatawala watu wa magharibi ya Serengeti. Katikati ya 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshasukumwa kusini, kikosi cha ofisa mmoja wa Kijerumani, Naumann, kilichojitenga na jeshi kuu, kilifika Ikoma na mapigano yakawa hapo hapo. Baadaye kabisa ngome hiyo iligeuzwa hoteli ya watalii. Kwa mwandishi anayetafuta "sehemu ya kihistoria" hayo yanatosha: kuna mawe, kuna Mzungu, kuna mwaka.

Mzee aliijibu ngome kwa sentensi mbili, akaiacha. Alichotaka kuzungumza ni Machaba.

Machaba ni pembe za ndovu. Waikoma wanasimulia kwamba zamani, walipozidiwa na shida, walikwenda kuomba dawa kwa mganga wa Kitaturu, na pembe hizo zikapatikana kwa maelekezo yake. Tangu hapo zinatunzwa kama kitu kitakatifu, zinahusu usalama wa kabila zima, uzao wake na mvua yake. Sikuomba kuonyeshwa, na nadhani ningeomba ningeharibu mazungumzo. Ila fikiria jambo hili kidogo. Watu wanaojulikana kwenye vipeperushi vyote kama tishio kwa tembo ndio hao walioweka pembe za tembo mahali ambapo wengine wanaweka msalaba au Kaaba. Na Wataturu ambao leo wengi hatuwahesabu hata kwenye historia ya mkoa, ndio walioombwa dawa.

Halafu mzee akaanza kutaja majina. Si ya watu, ya mahali. Alichukua kijiti, akachora Mto Grumeti, akachora Orangi ikiingia, akaanza kuweka vitone kwenye mchanga: hapa walikaa wazee wa ukoo fulani, hapa palikuwa na maji kiangazi, hapa waliwinda kwa mashimo, hapa walizikwa. Vitone vingi vilikuwa upande wa pili wa geti. Waishenyi nao ukiwauliza asili yao watakutajia Nyeberekera, ambako siku hizi ni nchi ya wanyama. Wanata wana hadithi ya mwanamume wa kwanza, Nyamunywa, aliyekuwa mwindaji, na mwanamke wa kwanza, Nyasigonko, aliyekuwa mkulima. Mwindaji na mkulima wanakutana, ndipo kabila linaanza. Hakuna pori tupu kwenye hadithi hiyo. Kuna shamba tayari.

Sasa swali lilikuwa: kama watu walikuwepo, ule utupu uliopigwa picha ulitoka wapi?

Jibu lina tarehe. Karibu na 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukitokea kaskazini. Uliua ng'ombe, wanahistoria wengi wanakadiria tisa katika kila kumi, ukaua nyati na nyumbu pia. Ndui ikafuata, njaa ikafuata. Mwaka 1892 msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alipita na msafara wake kutoka Tanga, akaingia Ngorongoro mwezi Machi, akakatiza nyanda za Serengeti kuelekea Ziwa Victoria. Huyu bwana Pwani walishamfahamu. Miaka minne nyuma alikuwa ametekwa na watu wa Abushiri, akaachiwa kwa fidia. Kitabu chake kinaeleza Wamasai waliokonda wakabaki mifupa, kina mama wakihangaika na watoto kwenye kambi yake, watu wakigombea mabaki ya nyama. Hakuona Serengeti ya siku zote. Aliona nchi iliyokuwa ndani ya janga.

Upande wa magharibi, wazee wanakumbuka Njaa ya Miguu. Inaitwa hivyo kwa sababu watu walitembea mpaka Usukuma kutafuta chakula, na wengine hawakurudi. Waliorudi walijipanga upya, na mimi hapa ndipo historia yao inaponishika zaidi: waliinuka kwa kuwinda. Wasukuma walikuwa wanataka mikia ya nyumbu, kwa kuwa nywele zake zilitengenezewa bangili. Waikoma na jirani zao walipeleka mikia, wakarudi na mbuzi na ng'ombe. Nyumbu ndiye aliyewarudishia mifugo. Baadaye serikali ya Mwingereza ikaja na sheria za wanyama, na kazi iliyowaokoa babu zetu ikapewa jina jipya. Mwindaji akawa jangili. Neno moja limebadilika, na mtu aliyekuwa fundi wa mishale akaanza kutembea usiku.

Wakati huohuo ardhi nayo ilibadilika. Watu wakipungua, moto wa kuchoma nyasi unapungua, vichaka vinafunga, mbung'o wanaongezeka, na penye mbung'o mfugaji harudi. Kwa hiyo maofisa wa kikoloni walipokuja kuchora mipaka walikuta nchi yenye vichaka, mbung'o na wanyama, na watu wachache pembeni. Wakasema hii ndiyo asili yake. Sehemu ya Serengeti ikawa hifadhi ya wanyama mwaka 1929, Hifadhi ya Taifa ikafuata 1951, na 1959 Ngorongoro ikatengwa, Wamasai waliokuwa ndani ya Serengeti wakahamishiwa huko. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekaa Mara na kuwasikiliza wazee kwa miaka, ameandika kitabu kizima juu ya kumbukumbu hii ya ardhi, *Imagining Serengeti*, kilichotoka 2007. Nashangaa mpaka leo hakisomwi zaidi nyumbani. Labda kwa kuwa ni cha Kiingereza, labda kwa kuwa hakina picha ya simba.

Desemba 1957, mwaka uleule Wachina walipofungua Badaling, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliondoka Ujerumani na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakaja kuhesabu wanyama wa Serengeti. Michael alikufa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar. Nimefika kwenye kaburi lile zamani na sina neno baya juu ya baba aliyemzika mwanawe. Ila walihesabu nyumbu karibu laki moja tu. Leo tunaambiwa ni zaidi ya milioni. Tofauti hiyo haikuletwa na ukimya wa pori. Ililetwa na chanjo ya ng'ombe: wafugaji wa pembezoni walichanjiwa mifugo miaka ya 1950, sotoka ikakatika kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi kufikia 1977 walikuwa wameshapita milioni. Yaani lile kundi kubwa ambalo watangazaji wa televisheni wanasema limezunguka hivyo tangu milele, kwa wingi wake huu ni la rika la mama yangu. Na limetokana na sindano ya ng'ombe wa watu walewale wanaoambiwa mifugo yao ni adui wa hifadhi.

Nilipotoka Mugumu nilirudi Tarime kwa barabara ya Nyamongo. Unavuka Mto Mara, maji yake ya rangi ya chai ya maziwa, kisha unaanza kupanda kwenda kwenye baridi na migomba. Nyamongo utalii wake ni mwingine: mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza uzalishaji 2002. Juu ya Nyamongo pana mengi, siku moja nitayaandika peke yake.

Nilitaka kufika Sirari kwa ajili ya mstari. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka utoke mdomo wa Mto Umba, Bahari ya Hindi, uzunguke Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja mpaka Ziwa Victoria kwenye nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Waliokubaliana hawakuwahi kumuona Mkurya. Mstari ukapita katikati ya Wakurya, wengine wakabaki huku, wengine wakawa Wakenya wa upande wa Kehancha. Ukiendelea na mstari huohuo kuelekea kusini-mashariki unaitenganisha Serengeti na Maasai Mara. Hapo nyumbu wanavuka kwenda na kurudi kila mwaka, watalii wanashangilia, na hilo linaitwa moja ya maajabu ya dunia. Sirari, shangazi yangu akivuka na debe la mahindi kwa njia ya panya, hilo lina jina lingine.

Kaskazini ya hifadhi, ng'ambo ya Mto Mara, kuna eneo la Lamai. Liliongezwa kwenye hifadhi baada ya uhuru, miaka ya 1960, na Wakurya waliokuwa wakiishi na kuchunga huko wakaondoka. Kwetu utotoni Lamai ilikuwa neno la wazee, kama vile mtu anavyotaja shamba la urithi lenye kesi. Siku hizi ni sehemu ya bei ghali kulala, kwa kuwa uvukaji wa nyumbu unaonekana vizuri.

Mtu asije akanisoma vibaya. Mimi sitaki hifadhi ivunjwe. Ningeona Serengeti imelimwa mahindi ningelia. Ninachosema ni kwamba kwenye kituo cha wageni unaweza kujifunza uzito wa kiboko, lakini Nyeberekera huisikii. Mzee wa Robanda akitaka kwenda kupaonyesha alipozikwa babu yake, kiingilio cha raia anaweza kukichanga. Tabu ni kwamba ndani ya hifadhi huruhusiwi kutembea hovyo, lazima uwe kwenye gari. Na yeye majina yale anayajua kwa miguu. Alifundishwa akiwa nyuma ya baba yake, kutoka mti mpaka jiwe, kutoka jiwe mpaka kisima. Alisema aliwahi kupakiwa kwenye gari la wageni wakazunguka siku nzima, akarudi hajatambua hata sehemu moja, kwa sababu barabara zimeingia kwa pembe nyingine kabisa.

Mjukuu wake anaendesha bodaboda, ndiye aliyenipeleka. Siku ile alikaa pembeni akidhani anasubiri abiria, baadaye nikamwona ametoa simu anarekodi. Usiku alinitumia sauti yote kwenye WhatsApp, dakika arobaini na kitu, kuku wanalia nyuma. Majina nimeyaandika kwenye daftari na kuyalinganisha na ramani ya hifadhi inayouzwa kwa watalii. Yaliyopo humo ni machache sana, mengi ni ya mito. Kijana anasema babu yake amemaliza upande wa Grumeti tu. Upande wa Orangi hajaugusa, na siku hizi akiongea sana kifua kinambana. Tumekubaliana nirudi baada ya mavuno ya mtama, nije na mtu mwenye GPS.