Maji ya Boila na Reli ya Singida

Leo tutazungumza habari ya maji ya boila la gari la moshi, na jinsi yalivyorudishwa yalipopungua.

Katika miaka ya 1930 ilijengwa reli kutoka Manyoni, kwenye Reli ya Kati, kupitia Singida mpaka Kinyangiri. Haikudumu. Katika miaka ya 1940 iling'olewa, na Singida ikangoja miaka mingi kabla ya kujengewa reli tena. Siku zile za kwanza mabehewa yalivutwa na injini za mvuke. Huenda mtu akadhani kwamba injini hizo zilitaka moto tu. Sivyo. Moto bila maji ulikuwa hatari kuu.

Sikilizeni sababu yake. Boila ni pipa refu la chuma, na ndani yake mna sanduku la moto. Maji hulifunika sanduku hilo na kulilinda. Yakipungua hata dari yake ikabaki wazi, chuma hulegea kwa joto, mvuke hukipasua, na dereva na mtia moto huweza kufa papo hapo. Kwa hiyo mbele ya dereva palikuwa na bomba la kioo la kuonyesha kimo cha maji. Tena katika dari ya sanduku mlitiwa kizibo cha risasi. Maji yakishuka mno, risasi iliyeyuka, mvuke ukaingia motoni kwa kishindo na kuwaonya.

Basi, maji yaingizweje? Hapo ndipo penye shida. Mvuke wa ndani husukuma kwa nguvu. Ukifungua tundu, maji hayaingii, bali mvuke hutoka. Injini za kwanza huko Ulaya zilikuwa na pampu zilizoendeshwa na mwendo wa magurudumu. Injini iliposimama, pampu nayo ilisimama, hata dereva akalazimika kuiendesha huku na huku ili ipate maji tu.

Mwaka 1858 Mfaransa Henri Giffard alipata hataza ya chombo kiitwacho injekta. Mvuke wa boila lenyewe hupita katika tundu jembamba, hutoka kwa kasi kubwa na kukutana na maji baridi. Hapo mvuke hugeuka maji, na kasi yake huyachukua maji yote. Kisha njia hupanuka, kasi hugeuka msukumo unaoushinda ule wa boila, na maji huingia.

Lakini injekta haizai maji. Singida ni nchi kavu, na maziwa mawili ya mjini, Singida na Kindai, yana chumvi. Maji ya chumvi hutoa povu ndani ya boila na kuacha magamba juu ya chuma. Reli ya mvuke, basi, ilihitaji maji yasiyo na chumvi kama ilivyohitaji mataruma.

Hata leo, katika nchi za baridi, nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji ya boila yazungukayo mabombani. Mshale wa geji ukishuka, mwenye nyumba huacha boila lipoe, hufungua bilula polepole mpaka mshale urudi mahali pake, kisha huifunga. Ukishuka tena na tena, ajue pana mahali panapovuja.

Katika vikundi vyenu zungumzeni: kwenu, ni mashine gani huharibika kwa kukosa maji, na nani huyaangalia? Kwaherini mpaka somo lijalo.